Shamba Lisilo na Udongo

Juzi alikuja hapa kijana mmoja wa kilimo, shati limepigwa pasi vizuri, akatukusanya akina mama na kutueleza kwamba huko ulimwenguni kuna watu wanaopanda mboga bila udongo, kwa maji na dawa tu. Wenzangu wakashangaa, wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza. Jambo hilo nililifanya kwa mikono yangu kabla baba yake hajajua kufunga vifungo. Ningeweza kusimama nikamfundisha, na Mungu anajua kwamba ulimi uliniwasha. Lakini nilikumbuka veranda ya nyuma ya nyumba yetu kule Kericho, harufu ya lami ikichanganyika na harufu ya majani ya chai yanayonyaushwa kiwandani, nikaona nikifungua mdomo nitalia mbele ya mtoto wa watu. Basi nikanywa soda yake nikarudi nyumbani.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya pili vya wazungu. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Mume wangu alikuwa karani katika kiwanda cha chai. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mizani, kupima masanduku yaliyojaa chai na kuyaandika namba ubavuni kabla hayajapakiwa kwenye lori. Sisi ni watu wa upande wa ziwa, na siku zile mke wa mtu aliyefanya kazi kwenye chai hakukaa kwenye chai. Alikaa nyumbani ziwani, kwenye boma la wakwe zake, akalima. Mume alirudi Krismasi na blanketi na sukari, akakaa wiki mbili, akaondoka, na mke akarudi kwenye jembe.

Mimi nilikwenda Kericho kwa matembezi. Malaria ilikuwa imenikondesha, na mume wangu akamwandikia mama yake kwamba hewa ya baridi ingenifaa. Ruhusa ilikuwa ya mwezi mmoja. Mwezi ukaisha, mimi nikakaa. Wa pili ukaisha. Nilikuwa nimeona jambo ambalo wanawake wa kwetu hawakuwa wakiliona, yaani mume anayerudi nyumbani kila jioni, anavua viatu mlangoni, anauliza kuna nini jikoni. Nilimpenda mtu yule. Nasema waziwazi kwa sababu sasa nina umri wa kusema nitakalo.

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kunyamaziwa. Alikuwa mwembamba, mrefu, na sauti yake ilikuwa ya chini, lakini boma zima lilimsikia. Mwezi wangu wa tano pale alituma neno kwa dereva wa lori lililoleta samaki na kurudi na chai. Neno lenyewe lilikuwa fupi: "Mke asiye na shamba ni mgeni. Mvua kubwa ikikaribia nitakuja mwenyewe kumchukua, aje apande."

Mume wangu alilipokea kwa mzaha, kama alivyopokea mambo yote. "Si wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe?" akaniambia. "Wewe una miezi mitano, karani amekulisha bure."

"Nipe basi hilo jembe," nikamjibu, "unionyeshe na mahali pa kulitia."

Akachungulia dirishani, lakini mahali hapakuwapo. Chai ilianzia chini ya dirisha letu ikaenda hadi mbingu zilipoishia. Pale palipobaki kati ya nyumba za makarani kulikuwa na nyasi zilizokatwa kila Jumamosi, na amri ilikuwa kwamba hakuna kuzitifua, maana mvua ya kule ni ya kila alasiri, na udongo ukilegezwa unateremka kwenye mitaro. Jirani mmoja alikuwa amejaribu kupanda viazi nyuma ya choo. Alinyimwa posho ya wiki na viazi vikang'olewa. Basi mimi nilikuwa na mikono miwili yenye afya, mbegu kidogo nilizotoka nazo nyumbani, na mvua nyingi kuliko nilivyowahi kuona maishani, lakini sikuwa na udongo wa kujaza hata sufuria.

Wokovu ulikuja kwa gazeti. Mke wa bwana mkubwa wa shamba alikuwa na tabia ya kuagiza vitu kisha kuvichoka. Mwaka ule alikuwa ameagiza chumvi za kulisha mimea, akapanda nyanya ndani ya maji, akajivunia mwezi mmoja, kisha akageukia mbwa. Mpishi wake akatumwa kutupa takataka zile. Mume wangu, ambaye hakuweza kuona karatasi yenye maandishi ikitupwa, akalichukua gazeti lenye picha pamoja na mkebe wa chumvi uliobaki nusu. Jioni ile alinisomea akitafsiri mstari kwa mstari. Kulikuwa na picha ya mzungu aliyesimama juu ya ngazi akichuma nyanya, na chini ya miguu ya mmea hakuna ardhi, ni tangi tu.

Alidhani ananifurahisha tu. Mimi nikamwambia, "Soma tena pale pa tangi."

Kuchagua tangi kulituchukua majuma, na sitaki mtu anidanganye kwamba hiyo ndiyo kazi rahisi. Tulianza na kilichokuwa karibu, yaani sanduku la chai. Kila karani wa kiwanda alikuwa na sanduku moja bovu nyumbani, la kuwekea nguo au kukalia. Ndani yake mlitandikwa karatasi ya bati inayong'aa ili chai isiingiwe na unyevu. Mume wangu akafikiri vizuri, kama mtu aliyesoma: kama unyevu wa nje hauwezi kuingia, maji ya ndani hayawezi kutoka. Tukalijaza asubuhi. Saa sita mchana lilikuwa limejiachia pembe zote nne na maji yalikuwa yamefika chini ya kitanda. Nilipopiga kelele alikuja mbio kutoka kazini, akasimama mlangoni akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nilimpa tambara nikamwambia haya yanazoleka, aanzie pale uvunguni.

Tukajaribu debe la mafuta ya taa lililokatwa ubavuni. Halikuvuja, lakini lilikuwa dogo na lilipata joto jua likilipiga, na hata nilipolisugua kwa mchanga mara nyingi, harufu ya mafuta ilibaki. Miche yangu ya kwanza ilikufa humo kwa siku nne.

Mwishowe alinitengenezea hori. Mbao alizipata kwa fundi wa kiwanda, mbao kuukuu za chanja za kunyaushia majani, zilizokuwa zimetupwa kwa sababu ya kuoza ncha. Urefu wake ulikuwa wa mtu aliyelala, upana wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kina cha shubiri moja. Ndani tulipaka lami iliyobaki barabara ilipotengenezwa. Gazeti lilionya kwamba lami mbichi huua mizizi, kwa hiyo nililijaza maji na kulimwaga, nikajaza na kumwaga, majuma mawili, mpaka nilipoonja maji nikaona hayana ladha. Naam, niliyaonja. Mume wangu alisema mke wa karani mwingine anaonja mchuzi.

Tukaliweka kwenye veranda ya nyuma, juu ya mawe manne, mahali panapopata jua la asubuhi, chini ya mabati. Mabati yalikuwa muhimu, kwa maana Kericho ni nchi ya mvua ya mawe. Nimeona kwa macho yangu shamba zima la chai likigeuka vijiti kwa robo saa. Juu ya hori tukatandaza waya wa kuku, na juu ya waya nikaweka tabaka la maranda laini kutoka kwa mafundi wa masanduku na nyasi kavu. Mbegu zilikaa kwenye maranda. Mizizi ilipita kwenye waya ikateremkia maji.

Makosa yalikuwa yangu yote, na niliyafanya kwa bidii. Kwanza nilijaza maji hadi juu kabisa, nikidhani ninakirimu, na mizizi ikaoza. Ilibidi mume wangu asome tena ndipo tukaona pale palipoandikwa kwamba kati ya waya na maji kuwe na nafasi ya vidole viwili vitatu, kwa sababu mizizi nayo hupumua. Baadaye chumvi za memsabu zilipokaribia kwisha nikatia jivu, kwa sababu kwetu jivu ni dawa ya kila kitu. Majani yakageuka manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Nikakaa mbele ya hori nikayatukana.

Aliyenikuta nikitukana ni mama wa Kipsigis aliyetuletea maziwa. Alikuja kila asubuhi na kibuyu chake kilichosuguliwa kwa mkaa, akasimama mlangoni akasema "Chamge," nami nikamjibu hivyo hivyo, maana ni neno la kwanza nililojifunza kwa lugha yao. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kumi hivi. Aliangalia majani, akaangalia uso wangu.

"Mama, hii shampa yako nagonjwa," akasema.

"Naona."

"Wewe nalima maji kwa nini? Maji hapana pata jempe." Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. Lakini kesho yake alileta malimau sita kutoka kwa dada yake aliyeolewa Sigowet, huko chini kwenye joto, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza kwamba mume wangu amesoma kuwa maji yanataka ukali kidogo na mmea unataka chuma. Tukaloweka misumari yenye kutu kwenye maji ya limau, siku tatu, tukatia kidogo kidogo. Jani jipya lilipotoka kijani nilimwita mama wa maziwa arudi kuona, naye akaja, akapiga ulimi wake kwa mshangao, na tangu siku ile akawa ananiletea na samadi. Nilikuwa naikoroga kwenye ndoo, naichuja kwa soksi kuukuu ya mume wangu, na yale maji ya rangi ya chai ndiyo yaliyolisha hori chumvi zilipokwisha. Majirani walilalamika juu ya harufu. Niliwagawia nyanya, wakaacha.

Nyanya zilikuwa nyingi. Maharagwe pia yalitambaa kwenye nguzo ya veranda. Laiti ningeishia hapo! Lakini baada ya Krismasi, siku moja ya ukungu mzito, kiwanda kinanguruma na mimi niko peke yangu, kiu ya nyumbani ilinikaba. Nilifungua kile kitambaa cha mbegu, nikachukua punje za mtama, nikazipanda kwenye mwisho wa hori, kando ya ukuta wa jiko palipokuwa na joto. Sikupanda kwa ajili ya uji. Nilitaka tu kuona jani la mtama asubuhi ninapoamka. Ulikonda kwa baridi, lakini ulisimama.

Ni lazima nieleze jambo hapa, kwa maana vijana hawalijui tena. Kwetu nafaka ina mwenyewe. Msimu ukifika, mama wa boma ndiye anayetia mbegu kwanza, kisha mke wa mwana mkubwa, kisha wa pili, hivyo hivyo kwa utaratibu. Mke wa mwana akimtangulia mama mkwe kupanda, anaita mkosi tunaouita chira. Watoto hudhoofika bila ugonjwa, au hawaji kabisa. Nyanya na kabichi hazina sheria hiyo, hazikuwapo sheria ilipowekwa. Mtama ndio wenye sheria. Sote tulikuwa tumebatizwa, mimi, mume wangu na mama yake, lakini ubatizo ulikuwa haujafika shambani.

Na mimi nilisahau? Nimejiuliza mara nyingi. Nafikiri niliuona ule ubao wenye lami, yale maji, yale maranda, nikajiambia kwamba hapa si pale. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi mkuu nilikuwa nimemwacha mbali, siku nzima ya safari.

Alikuja mwishoni mwa Februari, kama alivyosema. Tulimwona akishuka kwenye lori akiwa na kikapu cha samaki wakavu kichwani na furushi mkononi, amejifunga shuka mbili juu ya gauni kwa sababu ya baridi. Alinisalimu vizuri. Aliniangalia tumbo, akaliangalia tena. Akanywa uji, akauliza habari za kila mtu, kisha akasema kwa sauti yake ile ya chini kwamba lori linarudi kesho kutwa na amekwisha sema na dereva.

"Mama," mume wangu akasema, "mkeo analima hapa hapa." Kwetu mke wa mwana ni mke wa boma, na ndivyo alivyopenda kumtania mama yake. "Twende nyuma ukaone."

Nilitembea mbele kwa fahari. Alipoona nyanya alisimama. Alishika moja, akaipima kiganjani, akainama kuangalia chini ya hori kama anatafuta tulikouficha udongo. Akacheka, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. "Hii inanyonya maji kama mtoto," akasema. Akayashika maharagwe, akaonja jani. Akasogea hatua moja, nyingine, akafika mwisho wa hori, kwenye ukuta wa jiko.

Kicheko kikaisha. Mtama ulikuwa unafika kiunoni pangu, na mashina mawili yalikuwa yameanza kutoa kichwa.

"Huu ulipandwa lini?"

"Baada ya Krismasi, Mama."

"Na mimi nimepanda lini?"

Sikuweza kuinua uso. "Bado, Mama. Hujapanda."

Mume wangu akaingilia kati. Alikuwa mwepesi wa akili, na ninajua alitaka kuniokoa. "Mama, usijali, hili si shamba. Ni sanduku la maji tu. Halina udongo, halikuguswa na jembe. Sheria ya kupanda ni ya ardhi, haihusu sanduku la karani." Akatabasamu, ameridhika.

Mama mkwe wangu alimsikiliza mpaka mwisho. "Umesema vizuri," akamwambia. "Kama si shamba, hakuna aliyekosa. Na kama si shamba, basi mkeo hana shamba. Atarudi nami kesho kutwa aje alime."

Tabasamu likamtoka mume wangu. Mimi nilisimama kati yao nikaona njia zote mbili wazi kabisa. Nikinyamaza, sina hatia, wala hakuna mkosi juu yangu. Nitapanda lori nikiwa msafi, nimwone mume wangu Krismasi. Nikisema ni shamba, nimejishitaki mwenyewe kwa jambo ambalo wanawake wa kwetu waliliogopa kuliko radi, na mimi ni mke wa miaka miwili, tumbo tupu. Nilikuwa na hofu, sitasema sikuwa nayo. Lakini nilikuwa pia na hasira. Nilifikiri juu ya ile lami, yale maji niliyoyaonja, samadi, limau, miezi yote ile, halafu hori langu liitwe sanduku. Na aliyeliita sanduku ni mume wangu mwenyewe.

"Ni shamba, Mama," nikasema. "Ni shamba langu. Nimelilima mimi, na nimepanda mtama kabla yako. Nimekukosea."

Mume wangu aliniangalia kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Mama yake hakuniangalia kabisa. Aliomba kiti cha chini, akakaa mbele ya hori, akainua pembe ya waya na kutia mkono ndani ya maji. Niliona vidole vyake vikitembea kwenye mizizi ya mtama, myeupe, mirefu.

"Inakula nini?" akauliza.

Nikamweleza. Nilianza na chumvi za memsabu na sikuacha kitu. Nilimweleza kwa nini sanduku la chai lilifunguka na kwa nini debe liliua miche, kwa nini mizizi inataka nafasi, jinsi jivu lilivyokuwa sumu na limau likawa dawa, jinsi ya kuchuja samadi. Nilizungumza mpaka chai aliyoandaliwa ikapoa. Aliuliza maswali, na yalikuwa maswali ya mkulima: maji unabadilisha lini, jua likizidi unafanyaje, wadudu? Mume wangu alichoka akaenda kukaa ndani. Nilipomaliza alitoa mkono, akaukung'uta.

"Ng'oa," akasema.

"Yote?"

"Mtama. Hizo nyanya ni za wazungu, hazina mama mkwe."

Niling'oa shina moja moja. Udongo hushikilia mmea, unavutana nawe, unakupa nafasi ya kukasirika. Maji hayashikilii. Mtama ulitoka kwa kuguswa tu, ukining'inia na mizizi yake inayotiririka, na vile vichwa viwili bado laini, na mimi machozi yalikuwa yananitoka bila sauti. Kwa desturi watu wa boma hatukuruhusiwa kuula wala kuulisha mifugo yetu. Mama wa maziwa alipopita tulimpa kwa ajili ya ndama wake. Aliubeba akiniangalia, akataka kuuliza, akaona mama mkwe amekaa pale, akaacha.

Jioni ile nilikunja nguo zangu nikazitia kwenye sanduku. Mume wangu alinisaidia kukunja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alizikunja vibaya.

Asubuhi, jua ndio linatoka, mama mkwe wangu aliniita kutoka veranda. Nilimkuta amesimama mbele ya hori, ametandaza maranda mapya pale nilipong'oa. Furushi lake lilikuwa limefunguliwa. Ndani mlikuwa na mbegu za mtama, safi, zilizochaguliwa punje kwa punje.

"Nilizichagua ili uzipande nyumbani," akasema. "Mimi sibebi mbegu njia yote hii zikarudi."

Akainama. Alikuwa mtu mzima na mgongo ulimuuma, lakini alipanda punje saba, akisogeza maranda kwa kidole kimoja, taratibu, vile vile nilivyomweleza jana. Akaomba kwa sauti ndogo, kwanza kwa Yesu, kisha akawataja watu wake waliotangulia, nami nikaitikia amina kwa wote. Alipomaliza alinipa mbegu zilizobaki.

"Haya, nyathina," akasema, mwanangu. "Sasa wewe."

Nilipanda. Nyingine zikaniponyoka majini. Aliziangalia zikizama, akasema hizo ni za samaki.

Kisha alimwita mwanawe, akamwambia mbele yangu: "Hili ni shamba la boma langu. Ni dogo na linanuka, lakini ni langu. Hatapanda hapa kabla sijapanda kwangu. Kila mwaka nitatuma neno." Mume wangu akauliza kwa woga aseme nini kwa dereva. Mama yake akamwambia amwambie anayepanda lori ni mtu mmoja.

Neno lilikuja kila mwaka. Alimtuma mwalimu wa kanisa amwandikie, na barua ilikuwa na maneno mawili tu: "Mama amepanda." Mume wangu alipenda kuisoma kwa sauti nzito kama tangazo la serikali. Siku hiyo hiyo nilitia mbegu zangu. Mwaka wa kwanza ulipita hivyo. Mwaka wa pili barua ilinikuta na mtoto mgongoni, msichana, mnene, na nilipoinama kupanda alivuta nyasi za hori akazitia mdomoni. Hatukuwahi kula mtama ule kwa kushiba. Ulitoa vibakuli viwili, pengine vitatu, na kimoja nilikituma ziwani kwa lori, na dereva akanirudishia majibu kwamba mama amesema una maji mengi.

Mwaka wa tatu barua ilichelewa. Mvua ya kwanza ikanyesha, nikangoja. Majirani wa kwetu waliokuwa na wake zao pale, maana kufikia hapo hatukuwa peke yetu tena, waliniuliza ninangoja nini. Wiki ya pili mume wangu alirudi kutoka kiwandani mchana, si saa yake. Hakuvua viatu mlangoni. Alikuwa na barua mkononi, imefunguliwa, na hakuisoma kwa ile sauti nzito. Alinisomea polepole. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu yule yule, na maneno yalikuwa machache vile vile.

"Mwaka huu panda wewe kwanza."

Aliondoka na lori la siku ile ile, awahi kumkuta mama yake akiwa hai, kama angeweza. Mimi nilibaki na mtoto. Nilitandaza maranda mapya, nikajaza maji kiasi, nikapima nafasi ya vidole vitatu. Kila kitu kilikuwa tayari. Nilikaa pale veranda na mbegu mkononi mpaka zikapata joto la kiganja changu, na mvua ikaja ikapiga mabati ikaenda, na bado nilikuwa nimekaa. Sikutaka kuwa wa kwanza.